Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Dawa Iliyosifiwa Jana Inakatazwa Leo?

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wasiofahamiana, lakini ukizisoma kwa pamoja utadhani waandishi wake walikaa kikao kimoja. Kila mmoja anauliza kwa namna yake kama kuna sababu ya kuuamini utafiti wa tiba, ilhali kauli zake hubadilika. Nimechagua barua tano. Nyingine zilizouliza kuhusu dozi za dawa za mtu binafsi sikuzijibu hapa, kwa sababu dozi haipangwi gazetini.

*Daktari mpendwa, nina umri wa miaka 64 na sijawahi kupata shambulio la moyo wala kiharusi. Miaka kumi na miwili iliyopita daktari aliniagiza nimeze aspirini ya dozi ndogo kila siku ili kuulinda moyo, nami nikatii. Mwezi uliopita daktari mwingine, kijana, ameniambia niiache. Ni nani kati yao aliyenidanganya? (Mwalimu mstaafu)*

Hakuna aliyekudanganya, Mwalimu. Daktari wa kwanza alifuata ushahidi wa wakati wake, na wa pili anafuata ushahidi uliopatikana baadaye, ingawa angeweza kukueleza hivyo badala ya kukuachia kitendawili.

Aspirini huzuia chembe sahani za damu, yaani chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, zisishikamane. Kwa kuwa shambulio la moyo kwa kawaida hutokea bonge la damu linapoziba mshipa unaoulisha moyo wenyewe, dawa inayozuia mabonge ilionekana kuwa kinga njema kwa kila mtu mzima. Kwa mgonjwa aliyekwisha kupata shambulio la moyo, au kiharusi kilichotokana na mshipa kuziba, faida hiyo imethibitishwa na haijatenguliwa. Mgogoro unahusu watu kama wewe, ambao hawajaugua, kwa maana dawa hiyohiyo inayozuia bonge kwenye moyo huzuia pia damu isigande pale inapotakiwa kuganda, hasa tumboni na kwenye ubongo.

Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya majaribio makubwa yaliyolipima jambo hili upya. Katika jaribio liitwalo ASPREE, lililofanyika Australia na Marekani kwa wazee 19,114, waliomeza aspirini kwa takribani miaka mitano hawakupungukiwa na magonjwa ya moyo kwa kiasi cha maana, bali walivuja damu zaidi. Katika jingine, ASCEND, lililohusisha watu 15,480 wenye kisukari ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo, matukio mazito ya moyo na mishipa yaliwapata asilimia 8.5 ya waliomeza aspirini na asilimia 9.6 ya wasioimeza, lakini waliovuja damu kwa kiwango cha hatari walikuwa asilimia 4.1 dhidi ya 3.2. Wewe ni mwalimu, kwa hiyo fanya hesabu: kati ya watu 1,000 waliomeza dawa hiyo kwa zaidi ya miaka saba, 11 hivi waliepushwa na tukio la moyo au mishipa, na 9 hivi wakaingia katika balaa la kuvuja damu. Mwaka 2022 Kikosi Kazi cha Huduma za Kinga cha Marekani kilishauri kwamba mtu mwenye miaka 60 au zaidi, asiye na ugonjwa wa moyo, asianzishiwe aspirini kwa ajili ya kujikinga.

Majaribio ya zamani yaliyoisifu aspirini hayakuwa ya uongo. Yalifanyika wakati ambapo wavutaji wa sigara walikuwa wengi zaidi, na dawa za kushusha lehemu na shinikizo la damu hazijaenea kama sasa. Hatari ya moyo ilikuwa kubwa, na kwa hiyo nafasi ya aspirini kuonyesha faida ilikuwa kubwa pia. Hatari hiyo ilipopungua kwa njia nyingine, faida ya aspirini ikapungua nayo, lakini uvujaji wa damu haukupungua. Naomba msomaji mwingine asiichukue barua hii akatupa vidonge vyake: mwenye historia ya shambulio la moyo au kiharusi, au aliyewekewa kijibomba cha kutanua mshipa wa moyo, akiacha aspirini bila ushauri anaweza kulipia kwa uhai wake.

Nitaendelea kidogo, kwa kuwa Mwalimu amegusa kidonda ambacho sisi madaktari tunakiona haya. Katika miaka ya 1980 ilijulikana kwamba wagonjwa walionusurika shambulio la moyo, kisha wakawa na mapigo mengi ya ziada yasiyo na mpangilio, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Zilikuwapo dawa za kuyatuliza mapigo hayo, miongoni mwake enkainidi na flekainidi, na daktari aliweza kuona kwa macho yake kwenye karatasi ya kipimo cha moyo kwamba mapigo ya ziada yametoweka. Je, nani angehitaji ushahidi zaidi ya huo? Hata hivyo, jaribio liitwalo CAST liliwagawa wagonjwa hao kwa bahati nasibu, nusu wakapewa dawa hizo na nusu vidonge visivyo na dawa ndani, na matokeo kamili yalipochapishwa mwaka 1991 ilionekana kwamba kati ya wagonjwa 755 waliopewa dawa walikuwa wamekufa 63, na kati ya 743 waliopewa vidonge vitupu walikuwa wamekufa 26. Dawa ilituliza mapigo na kuongeza vifo. Hakuna daktari ambaye angeweza kuligundua hilo akiwa peke yake kliniki, kwa sababu mgonjwa wa moyo akifa, husemwa kwamba moyo ndio umemuua.

Mfano wa pili unaniuma zaidi, kwa kuwa unahusu watoto. Kwa miaka mingi miongozo ya tiba iliagiza kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu awekewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Hoja ilikuwa safi: damu haizunguki vizuri, basi ijaze mishipa. Jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, lililinganisha watoto waliopewa maji hayo kwa haraka na wale waliopewa maji ya kawaida ya matunzo peke yake. Lilisimamishwa kabla ya wakati likiwa na watoto 3,141. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 ya waliopewa maji yenye albumini (aina ya protini ya damu), asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wasiopewa maji ya haraka. Madaktari wanabishana hadi leo kuhusu namna matokeo hayo yanavyohusu hospitali zenye mashine za kupumulia na wauguzi wa kutosha. Wala hayahusu mtoto aliyekaukiwa na maji kwa kuhara, kwa kuwa watoto wa namna hiyo hawakuingizwa katika jaribio hilo; mtoto wa kuhara anahitaji maji.

Kwa hiyo, Mwalimu, daktari anayebadili ushauri wake baada ya kusoma ushahidi mpya hanitii wasiwasi. Ninayemwogopa ni yule ambaye ushauri wake haujabadilika tangu alipohitimu.

*Shikamoo Daktari. Nina saratani ya matiti na nimealikwa nijiunge na jaribio la dawa mpya. Nimeambiwa kwamba kompyuta ndiyo itakayochagua kama nitapata dawa hiyo au la. Ndugu zangu wanasema nitageuzwa panya wa maabara, na huenda nikapewa dawa bandia huku ugonjwa ukinimaliza. Nifanyeje? (Mama wa watoto watatu)*

Marahaba, binti yangu, na pole kwa ugonjwa. Uamuzi ni wako, wala si wa ndugu zako, wala si wangu. Ninachoweza ni kukutenganishia hofu iliyo na msingi na ile isiyo nao.

Kwanza neno lenyewe. "Dawa bandia" ni ile inayouzwa na walaghai kwa jina la dawa halali. Kidonge kisicho na dawa kinachotumika katika utafiti ni kitu kingine: kila mshiriki huambiwa tangu mwanzo kwamba kipo na kwamba anaweza kukipata. Tena katika utafiti wa saratani ni nadra mgonjwa kuachwa na kidonge kitupu peke yake ikiwa tiba iliyothibitishwa ipo. Kwa kawaida makundi yote mawili hupata tiba iliyozoeleka, kisha kundi moja likaongezewa dawa mpya, au dawa mpya ikashindanishwa na ile ya kawaida. Uliza hili waziwazi kabla ya jambo jingine lolote: "Nikiangukia kundi ambalo halipati dawa mpya, nitatibiwa kwa nini?" Jibu likikosa uwazi, usitie saini siku hiyo.

Pili, bahati nasibu. Inaonekana kama mchezo wa karata juu ya maisha ya mtu, lakini fikiria ingekuwaje daktari angechagua mwenyewe. Akiwa mtu mwema angempa dawa mpya yule aliyezidiwa, na dawa ingeonekana mbaya. Au angempa mwenye nguvu za kuistahimili, na ingeonekana nzuri kupita kiasi. Kugawa kwa bahati nasibu kunaondoa upendeleo huo, ule tunaoufahamu na ule tusioufahamu. Na kunaruhusiwa kwa sharti moja, kwamba wataalamu kwa dhati hawajui ni tiba ipi iliyo bora. Wakishajua, bahati nasibu inakuwa dhuluma.

Jaribio ambalo wengi hulitaja kuwa la kwanza la aina hii katika zama zetu lilianza Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, na matokeo yake yalitoka mwaka 1948. Dawa ya streptomaisini kwa ajili ya kifua kikuu ilikuwa haba mno, haikuweza kuwatosha wagonjwa wote. Mwanatakwimu Austin Bradford Hill na wenzake waliona kwamba, madhali haitoshi, ni haki zaidi kuigawa kwa nasibu na kupata elimu kuliko kuigawa kwa kujuana. Wagonjwa 55 walipata dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 walipata mapumziko peke yake, ambayo ndiyo yaliyokuwa matunzo ya siku hizo. Miezi sita ilipotimia walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika la pili. (Wagonjwa wale hawakuombwa ridhaa kama tunavyoombwa leo, jambo ambalo sisi waalimu wa tiba huliruka tunaposimulia habari hii.)

Hofu ya ndugu zako ina historia. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli kuhusu ugonjwa wao, wakanyimwa penisilini hata baada ya kujulikana kwamba inaponya. Kanuni za sasa, kama Azimio la Helsinki la mwaka 1964 ambalo limerekebishwa mara kadhaa, zimeandikwa kwa sababu ya maovu ya watafiti. Kwa kanuni hizo una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, ya kupewa muda wa kufikiri, na ya kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu na bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Uliza pia kama ipo kamati huru inayofuatilia usalama wa washiriki jaribio likiendelea, kwa maana kamati ya namna hiyo ndiyo iliyowezesha FEAST kusimamishwa. Uliza ni nani atakayegharamia matibabu yako ukipata madhara, na kama utaendelea kupewa dawa hiyo baada ya jaribio kwisha, iwapo itakuwa imekusaidia.

Neno la mwisho kwako ni chungu kidogo. Usijiunge kwa kuamini kwamba "mpya" maana yake ni "bora". Dawa nyingi zinazojaribiwa hazishindi zile zilizopo. Jiunge ikiwa unaona maelezo ni ya kweli, matunzo ni mazuri katika makundi yote mawili, na moyo wako umetulia.

*Nilisoma kwamba homoni wanazopewa wanawake waliokoma hedhi huongeza saratani ya matiti kwa asilimia 26. Nina miaka 51, joto la ghafla usiku halinipi usingizi, lakini baada ya kusoma hayo nimeogopa hata kwenda kuuliza. (Msomaji wa kike)*

Asilimia 26 ya nini, dada yangu? Hilo ndilo swali ambalo gazeti ulilosoma lilipaswa kulijibu.

Tarakimu hiyo imetoka katika utafiti wa Marekani wa Afya ya Wanawake, uliosimamisha sehemu yake ya homoni za estrojeni pamoja na projestini mwaka 2002. Walikuwamo wanawake 16,608. Kati ya wanawake 10,000 waliomeza vidonge visivyo na dawa, 30 walipata saratani ya matiti kwa mwaka, na kati ya 10,000 waliomeza homoni walipata 38. Ongezeko ni wanawake 8 katika 10,000. Ukilipima dhidi ya wale 30, ongezeko hilo hutajwa kuwa asilimia 26 hivi, baada ya marekebisho ya kitakwimu. Ukilipima dhidi ya wanawake wote, ni chini ya mmoja katika elfu kwa mwaka. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila moja inauza magazeti.

Utafiti huohuo ulitoa somo jingine. Kabla yake, tafiti zilizowatazama wanawake bila kuwagawa kwa nasibu zilionyesha kwamba watumiaji wa homoni walipata ugonjwa wa moyo kwa nadra zaidi, na madaktari wengi wakaziandika kama kinga ya moyo. Lakini wanawake waliojichagulia homoni walikuwa, kwa wastani, na afya bora na uwezo zaidi tangu mwanzo. Walipogawanywa kwa nasibu, kinga hiyo haikuonekana, na katika mwaka wa kwanza mambo yalielekea upande mbaya.

Baadaye ukaja mjadala ambao haujafungwa. Wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, nao wengi walikuwa wameacha hedhi zamani, kwa hiyo matokeo yao hayamfai moja kwa moja mwanamke wa miaka 51. Miongozo mingi sasa inasema kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka kumi tangu hedhi ikome, mwenye usumbufu mkubwa na asiye na kizuizi kama saratani ya matiti au historia ya damu kuganda, faida kwa kawaida huizidi hatari. Nenda ukaulize.

*Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa udaktari. Tumeambiwa kwamba kuna tafiti ambazo wagonjwa walipasuliwa ngozi tu bila kufanyiwa upasuaji wenyewe. Je, hilo si kuvunja kiapo cha kutomdhuru mgonjwa? (Mwanafunzi)*

Ndugu mwanafunzi, wenzako wengi hulipita swali hili wakikimbilia mtihani, na nimefurahi kwamba wewe umesimama.

Unalosikia ni kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwahusu wagonjwa 180 wenye maumivu ya goti lililochakaa gegedu. Baadhi walioshwa goti kwa ndani au kukwanguliwa gegedu kwa kifaa chenye kamera, upasuaji uliokuwa ukifanywa kwa wagonjwa wengi sana, na wengine walichanjwa ngozi tu, kisha wakashonwa, bila kifaa kuingizwa. Kila mshiriki alitakiwa aandike kwa mkono wake mwenyewe katika faili lake kwamba anafahamu huenda akapata upasuaji wa kuigiza, ambao hautalisaidia goti lake. Kwa miaka miwili ya ufuatiliaji, hakuna wakati ambapo waliofanyiwa upasuaji halisi walikuwa na maumivu pungufu kuliko waliofanyiwa maigizo.

Hoja dhidi ya tafiti hizi ina uzito: mtu anapewa dawa ya usingizi na kidonda kwa manufaa ya wengine, si yake. Mimi naziunga mkono, lakini kwa masharti, yaani maumivu yawe ndiyo kipimo kikuu, hatari ya maigizo iwe ndogo, na ridhaa iwe ya wazi kama ile ya kuandika kwa mkono. Sababu yangu ni kwamba upasuaji una nguvu kubwa ya kumpa mgonjwa nafuu kwa imani tu. Mgonjwa ameingia chumba cha upasuaji, ameona taa na mavazi, ameamka na bandeji. Atakosaje kujisikia vizuri kwa muda? Bila kundi la kulinganisha, daktari mpasuaji huichukua nafuu hiyo yote na kuiandika kwa jina lake. Unapouliza juu ya kutomdhuru mgonjwa, wahesabu pia wale waliopasuliwa magoti miaka yote kabla ya mwaka 2002.

Wala tafiti hizi hazibomoi tu. Mwaka 2017 utafiti wa ORBITA, Uingereza, uliwagawa wagonjwa 200 wenye maumivu ya kifua yasiyo ya dharura: nusu waliwekewa vijibomba vya kutanua mishipa ya moyo, na nusu wakafanyiwa maigizo. Wote walikuwa wakitumia dawa vizuri. Baada ya wiki sita, muda waliomudu kufanya mazoezi haukutofautiana kwa kiasi cha kuthibitishika, na wapinzani wa tiba hiyo wakashangilia. Watafiti walewale wakarudi na ORBITA-2, iliyochapishwa mwaka 2023, wakiwa na wagonjwa 301 waliosimamishiwa dawa za maumivu ya kifua, na safari hii vijibomba vilipunguza maumivu kuliko maigizo. Kwa hiyo tiba inafanya kazi, ila ukubwa wa kazi yake unategemea kama mgonjwa anapata dawa au la. Huwezi kuyajua hayo kwa kumuuliza mgonjwa anavyojisikia. (Kwa mgonjwa aliye katikati ya shambulio la moyo hakuna ubishi, huyo afunguliwe mshipa haraka.)

*Je, kampuni ya dawa ikifanya utafiti na dawa ikashindwa, nani atatuambia? (Mfamasia)*

Kwa muda mrefu hakuna aliyetuambia. Mwaka 2008 ilichapishwa tathmini ya tafiti 74 za dawa za sonona zilizokuwa zimeandikishwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani. Kwa hukumu ya mamlaka hiyo, tafiti 38 zilikuwa na matokeo mazuri, na 37 kati yake zilichapishwa. Tafiti 36 zilikuwa na matokeo mabaya au ya mashaka. Kati ya hizo 22 hazikuchapishwa kabisa, 11 ziliandikwa kwa namna iliyomfanya msomaji adhani dawa ilishinda, na 3 tu ziliandikwa kama zilivyo. Daktari aliyesoma majarida yote kwa uaminifu alikuwa anasoma nusu ya habari, na hakuwa na njia ya kulijua hilo.

Tangu mwaka 2005 majarida makubwa ya tiba yanakataa kuchapisha jaribio ambalo halikuandikishwa hadharani kabla ya kumpokea mshiriki wa kwanza, na uandikishaji huo hutaja kipimo cha matokeo kitakachotumika, ili mtu asichague kipimo kizuri baada ya kuona matokeo. Hata hivyo, wapo wanaoandikisha majaribio kisha wasitoe matokeo, na adhabu kwao ni hafifu. Ukipewa kipeperushi na wakala wa mauzo, tafuta namba ya usajili wa utafiti anaoutaja, ufungue rejesta husika, ulinganishe kipimo kilichoahidiwa na kile anachokionyesha kwenye grafu yake. Mama wa watoto watatu aliyetuandikia hapo juu naye aiombe namba hiyo kabla ya kutia saini. Anayo haki ya kupewa.